Nguva Mwenye Kitana

Machi 4

Mvua imeanza asubuhi ya leo, nami nimeanza daftari hili kwa amri. Profesa anayesimamia tasnifu yangu anasema mtafiti asiyeandika kila siku ni kama mpishi asiyeonja. Wanafunzi tunamwita Bi Nukta, nyuma ya mgongo wake, kwa sababu hurudisha kazi ikiwa imejaa nukta nyekundu, na kila nukta ni swali ambalo lazima ulijibu. Hakuna aliyewahi kurudishiwa ukurasa mweupe.

Ninatafiti nguva: jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyomchora, walivyomchonga na walivyomsimulia tangu kale hadi leo. Sura tano ziko tayari. Imebaki ya sita, ya nguva wetu sisi, kibao cha mti kilichoko makumbusho: mwanamke mwenye mkia wa samaki, kitana mkono huu, kioo mkono ule. Lebo yake inasema Namba 41, na kwamba kilitolewa kwenye kisima cha kale kilichofukiwa miaka mia nane iliyopita. Kitabu kilichompa Bi Nukta uprofesa kimesimama juu ya kibao hicho. Anasema kitana na kioo cha nguva vilianzia kwetu, wageni wakavibeba kwenda kwao.

Lebo ile imeandikwa na baba yangu. Alikuwa karani wa stoo ya makumbusho kwa miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu miaka sita iliyopita. Maonyesho ya nguva yanafunguliwa Mei 24, wiki ileile ninayotakiwa kukabidhi tasnifu, na chumba cha maonyesho kitapewa jina lake. Baba ameshaitoa suti kabatini. Kila jua likichungulia anaianika, mvua ikirudi anakimbia nayo ndani.

Machi 5

Mvua. Nimesoma, nimepiga chafya, nimelala.

Machi 12

Nimemaliza kupanga picha za nguva wa mbali kwa ajili ya kuta za maonyesho. Nikiwatazama wote pamoja naona jinsi watu tusivyotulia na kiumbe hiki. Mesopotamia ya kale walimchonga mwanamume, tena mwenye ndevu, mkia wa samaki chini, akalinda milango dhidi ya mabaya. Wagiriki walikuwa na waimbaji waliowaangamiza mabaharia, lakini wale walikuwa nusu ndege. Karne nyingi baadaye waandishi wa Ulaya ndio waliowavua mabawa na kuwavisha magamba. Nguva wa Japani ya kale hakuwa na urembo wowote, alikuwa samaki mwenye sura ya mtu, na aliyekula nyama yake hakuzeeka. Makanisa ya Ulaya yakamshikisha kitana na kioo, ili waumini wawaogope wanawake wanaojipenda.

Kila mtu amemvisha hofu yake mwenyewe. Nimeiandika sentensi hiyo kwenye sura ya tano na Bi Nukta ameitia nukta tatu.

Machi 19

Leo nimeleta nyumbani bango la maonyesho, lenye picha kubwa ya Namba 41. Nimelibandika sebuleni, karibu na kalenda. Shangazi, dada mkubwa wa baba anayeishi nasi, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Huyu mbona namjua?"

"Unamjua wapi, shangazi?"

"Alikuwa juu ya mlango wa saluni, kule nyuma ya stendi. Mimi nilisukwa pale kwa ajili ya harusi yangu. Ile ya kwanza."

Nikacheka. Baba hakucheka.

"Dada, macho yako tangu lini yakaona mbali?" akasema.

"Ya karibu ndiyo hayayaoni, kaka. Ya zamani yanayaona vizuri sana."

Baba akainuka akaenda chumbani. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Sijawahi kumwona baba akiacha chai.

Machi 27

Maji yameingia stoo ya makumbusho. Stoo iko chini ya ardhi, ngazi sita kwenda chini. Nimechora mstari wa chaki ukutani: ngazi ya sita imezama. Mkurugenzi anasema ni jasho la ukuta.

Aprili 2

Fundi seremala anayetengeneza makabati ya vioo alikiomba kibao ili apime kishikizo chake. Akakigeuza. Kwa miaka yote hii nimekitazama kwa mbele tu, na nadhani hata Bi Nukta naye ni vivyo hivyo, maana uzuri wote uko mbele. Fundi akapitisha kidole mgongoni mwa kibao, akaenda nacho dirishani.

"Dada, hiki mnasema cha lini?"

"Miaka mia nane."

Akapangusa miwani kwa shati, bila haraka.

"Basi huyo babu alikuwa na umeme."

Akanionyesha. Msumeno wa mkono, anasema, huacha mistari iliyonyooka isiyolingana, kwa sababu mkono huchoka. Mistari hii imepinda, yote kwa mpindo mmoja, kama iliyopimwa. Ni meno ya msumeno wa duara, wa mashine.

"Mimi simo," akasema. "Mimi niliitwa kutengeneza kabati." Akarudi kwenye kazi yake akipiga mluzi. Mimi nilibaki dirishani na kibao mikononi.

Aprili 3

Sikuandika neno la tasnifu. Ngazi ya tano imezama.

Aprili 6

Leo nimeichukua lebo yenyewe nikaitazama kwa kioo cha kukuzia.

Katika stoo ile kulikuwa na sheria moja ambayo baba alinifundisha nikiwa na miaka saba, nikimngoja amalize kazi: ukikisia, andika kwa penseli, ukiwa na hakika, andika kwa wino. Aliirudia hadi nyumbani. Orodha ya vitu vya dukani aliiandika kwa penseli, kwa sababu duka huenda lisiwe navyo.

Lebo ya Namba 41 ni ya wino. Lakini chini ya wino kuna penseli. Mtu alifuata herufi moja moja juu ya zile za mwanzo. Na mwisho wa maneno "kisima cha kale" karatasi imekwaruzwa na kifutio, lakini umebaki unyayo mdogo wa alama ya kuuliza. Baba alikisia. Kuna mtu akakigeuza kisio chake kuwa hakika.

Ninamjua aliyenufaika na wino ule. Sasa nikimkumbuka na kalamu yake nyekundu, miaka mitatu akinidai ushahidi wa kila mkato, hasira inanipanda.

Aprili 11

Nilikwenda ofisini kwake nimekaza roho. Nilikuwa nimepanga kusema yote, lakini mbele yake nikamweleza mistari ya msumeno tu, kisha nikauliza kama anakumbuka lebo iliwekwa wino lini.

"Wino?" Akafunika kalamu yake nyekundu. "Sikumbuki. Nilikuwa na umri kama wako."

"Mgongo wa kibao, Profesa, hauwezi..."

"Fundi ni fundi. Huenda mgongo uliparuzwa baadaye, kwa kukihifadhi. Una daftari la mapokezi?"

Anajua sina. Kila kitu kilichoingia makumbusho kiliandikwa kwenye daftari hilo siku kilipofika, na kila mtu anajua kwamba lilikufa maji katika mafuriko makubwa, miaka thelathini na moja iliyopita.

"Mashaka bila ushahidi ni uvivu, binti. Sura ya sita naitaka Mei 10. Usiponiletea, sitakuwa na cha kutia sahihi."

Nimetoka pale nikiwa nimeloa kabla sijafika kwenye mvua.

Aprili 18

Ngazi ya nne. Tumeanza kupandisha vitu juu kwa mikono, kimoja kimoja. Mkurugenzi hasemi tena habari za jasho.

Aprili 23

Mvua.

Aprili 29

Ngazi ya tatu. Baba ameniuliza mezani, akiwa hanitazami, "Maji yamefika wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Mwaka ule yalifika ya kwanza." Kisha akaomba apitishiwe sukari.

Mei 4

Paa la chumba cha baba limeanza kuvuja. Yeye alikuwa amekwenda kwa kinyozi kujaribu mtindo wa siku ya ufunguzi, maana ameamua kujaribu wiki tatu kabla. Nikalivuta sanduku lake la bati kutoka uvunguni ili lisilowe. Lilikuwa zito. Kufuli halikuwa limefungwa.

Ndani, chini ya mashati, kulikuwa na kitu kimefungwa kwa nailoni mara tatu na kamba. Nilijua ni nini kabla sijakifungua. Jalada limevimba kwa maji ya zamani, lakini kurasa zinasomeka.

Namba 41: Kipande cha boriti, kimeoza upande mmoja, hakina picha. Kutoka kisima cha kale.

Namba 63: Kibao chenye mwanamke-samaki, kitana na kioo. Kimeletwa na mwenye saluni, jengo likibomolewa. Anasema fundi aliiga picha ya chupa ya mafuta ya nywele.

Yote kwa wino. Yote kwa mwandiko wa baba yangu.

Chupa ya mafuta ya nywele. Bi Nukta ana sura nzima juu ya maana ya kitana kile. Nilicheka peke yangu sakafuni, maji yakidondoka kwenye beseni, kisha nikalia.

Mei 5

Nimengoja mpaka shangazi alipokwenda kwa jirani. Baba alikuwa anapiga pasi tai. Nikaliweka daftari mezani mbele yake.

Aliizima pasi kwanza. Baba ni mtu wa namna hiyo.

"Umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Basi unajua."

"Sijui, baba. Najua lebo zilibadilishwa. Sijui kwa nini ulikaa kimya."

Akakaa. Akaanza kusimulia polepole, kama anayesoma kwenye kadi.

"Maji yalifika ngazi ya kwanza. Nilishuka mpaka kifua. Vitu mia tatu na zaidi vinaelea, lebo zimekuwa uji. Mkurugenzi wa wakati ule akanipa siku nne, kuna wageni wanakuja. Daftari lilikuwa limelowa, kurasa zimegandana kama mkate, halifunguki. Nikafunga lebo kwa kumbukumbu. Ninachokumbuka, wino. Nisichokumbuka, penseli. Hicho kibao nilikifunga kwa penseli. Na alama ya kuuliza."

"Halafu profesa akaweka wino."

"Nani kakwambia?" Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Wino ni wangu."

Nikalifunga daftari.

"Alikuja msichana mwembamba, na daftari kama lako. Akasimama mbele ya kile kibao akalia. Akaniuliza, mzee, una hakika kimetoka kisimani? Mwanangu, kwenye jengo lile nilikuwa nimefanya kazi miaka tisa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu zaidi ya funguo ziko wapi. Msomi mzima ananiuliza mimi, anangoja nijibu. Nikasema ninayo hakika. Nikachukua kalamu nikapitisha wino mbele yake."

"Na daftari?"

"Lilikauka. Wiki ya pili likafunguka, nikasoma. Kitabu chake kilikuwa bado hakijaandikwa. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo, tena tele. Kila asubuhi nikasema kesho. Halafu kitabu kikatoka, jina langu liko ukurasa wa shukrani. Nikalileta daftari huku."

"Kwa nini hukulichoma?"

Swali hilo lilimuudhi kuliko mengine yote.

"Karani hachomi daftari."

Nilikasirika, na ninaandika hapa kwamba nilikasirika. Si kwa sababu alikosea. Ni kwa sababu mimi nimekua nikiandika orodha za dukani kwa penseli kwa ajili ya sheria yake. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba nikiandika ukweli naaibisha jina lake, nisipouandika natia sahihi uongo wake, na kwamba ni yeye aliyeniweka hapo.

Akawasha pasi tena. "Andika unavyotaka. Wewe ndiye msomi."

Mei 9

Hatusemezani. Shangazi ndiye posta. "Mwambie baba yako chai iko tayari." "Kaka, binti yako anasema chai iko tayari, na mimi nasema mmenichosha wote wawili." Ngazi ya pili.

Nimeomba siku sita zaidi. Bi Nukta amejibu kwa neno moja: "Sita."

Mei 14

Leo kitu kimefunguka. Nilikuwa narudia habari za Mami Wata, mama wa majini wa Afrika Magharibi. Picha yake moja iliyopendwa sana ilitokana na bango la sarakasi lililochapishwa Ulaya: mwanamke mwenye nywele nyingi ameshika nyoka. Bango likavuka bahari, watu wakalitazama, wakasema huyu tunamjua, ni wa kwetu, wakamchonga, wakamtolea sadaka. Picha ilikuwa ya sarakasi. Imani ilikuwa yao.

Nikamwendea shangazi na kalamu.

"Yule wa saluni. Mlimpendea nini?"

"Tulikuwa hatumpendi, tulikuwa tunataka kuwa yeye," akasema. "Wanaume wakifika pale walikuwa wanavuka barabara, wanapita upande wa pili. Wanasema ukimtazama kwenye kioo chake hurudi nyumbani. Mwenye saluni akimaliza kukusuka anakwambia: haya nenda, sasa na wewe wanaume wakikuona wavuke barabara. Nilitoka pale siku ya harusi nimenyoosha shingo. Kama si yule nguva nisingemwacha yule bwana baadaye."

Nimeandika kurasa kumi na nne bila kuinuka. Hii ndiyo sura ya sita. Nguva wetu hana miaka mia nane, lakini kuna wanawake hai aliowanyoosha shingo.

Mahali pamoja tu nimeandika kwa uoga: "Lebo iliwekwa wino na mtu asiyejulikana."

Mei 16

Nimempelekea Bi Nukta sura na daftari la mapokezi. Akasoma mbele yangu. Dakika arobaini, mvua ikigonga dirisha. Alipofika Namba 63 aliweka kidole pale na hakukiondoa.

"Chupa ya mafuta," akasema.

"Ndiyo, Profesa."

"Nilikaa miezi tisa na kile kitana."

Nilidhani atanifukuza. Alisema tu, "Niachie," nikaondoka. Mlangoni niligeuka. Alikuwa ameshika uso kwa mikono miwili, na alionekana mdogo, kama yule msichana mwembamba wa baba.

Mei 20

Sura imerudi. Nukta moja. Nimefunua kurasa zote kumi na nne mara mbili, ni nukta moja tu, kwenye "mtu asiyejulikana". Pembeni ameandika: "Unamjua. Mtaje. Alama ya kuuliza niliifuta mimi, kwa kifutio changu, baba yako akiniona. Nitaje na mimi. Ukitutaja wote nitatia sahihi."

Nilisoma nimesimama kwenye korido. Kwa hiyo alikumbuka siku zote. Na baba, siku ile ya pasi, alimficha. Alijitwisha mzigo wote peke yake na mimi nikambomoa.

Mei 22

Nimeuweka ukurasa ule mezani kwa baba, na nafasi tupu mahali pa jina. Njia zangu zote zimekwisha. Nikimwandika bila ridhaa yake nitapata shahada na kupoteza nyumba. Nikiiacha tupu sina tasnifu. Asubuhi ukurasa ulikuwa palepale, tupu, ila umekunjwa mara mbili na kunyooshwa tena.

Mei 23

Maji yameshuka hadi ngazi ya nne. Nafasi bado tupu.

Mei 24

Hakuna mvua. Nilipoamka baba hakuwepo, wala suti, na sanduku la bati lilikuwa wazi.

Nilimkuta makumbusho, saa moja kabla ya wageni. Alikuwa amekaa kwenye meza yake ya zamani, ambayo tuliipandisha kutoka stoo, suti imempwaya mabegani. Bi Nukta alikuwa amesimama kando yake na daftari la mapokezi kifuani. Fundi alikuwa anafuta vioo, akijifanya haoni. Kwenye kona, kibao cha jina la chumba kilikuwa kimeegemezwa ukutani, uso ndani. Baba ndiye aliyekigeuza, mkurugenzi alinong'ona, akiwa ameshika kichwa.

"Mwanangu," baba akasema. Neno la kwanza kwa siku kumi na tisa. "Nipe kadi mpya. Na wino."

Nikampa. Mkono wake ni wa mzee sasa, lakini herufi ni zilezile. Aliandika, sisi wote tukisoma juu ya bega lake:

Namba 63. Nguva mwenye kitana na kioo. Alikuwa juu ya mlango wa saluni ya wanawake. Lebo yake ya zamani haikuwa ya kweli. Niliitia wino mimi, na nilipojua nilinyamaza.

Chini akaweka jina lake kamili, la ukoo na yote, na cheo: karani.

Kisha akautoa ukurasa wangu mfukoni, akaandika jina lilelile kwenye nafasi tupu, akanirudishia. Nilitaka kusema samahani. Nilichoweza ni kuweka mkono begani mwake, naye akauacha ukae.

Ilibaki sehemu ya umri wa kibao. Daftari halisemi. Shangazi, aliyekuja na kanga mpya kwa ajili ya sherehe, akasema, "Weka sitini. Mimi nilimkuta pale." Baba akafikiri. Akafunika kalamu ya wino, akatoa penseli mfuko wa ndani, akaandika miaka sitini, kwa herufi nyepesi, na mbele yake alama ya kuuliza.

Akampa kadi Bi Nukta aiweke mahali pake. Bi Nukta akaipokea kwa mikono miwili.

"Profesa," baba akasema, "hii usiifute."